Kisanduku cha simu kilichogeuka kabati la mafaili

Mapema mwaka 2014, baadhi ya wateja wa simu nchini Ujerumani walipokea bili zilizowaduwaza. Walidaiwa mamia ya euro, na wengine maelfu, kwa simu zilizopigwa kwenda nchi za mbali ambako hawakuwa na ndugu wala rafiki. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani mwao. Simu hizo zilipigwa na kisanduku kidogo cha ukutani, kile kile kinachoiunganisha nyumba na intaneti, kikitii amri za watu waliokuwa mbali.

Kisanduku hicho, kiitwacho FRITZ!Box, kilikuwa kimetimiza miaka 10 tangu kiingie madukani. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kuleta intaneti na kupitisha simu. Baadaye kikaongezewa kazi nyingine: kutunza picha, nyimbo na nyaraka za familia, na kumkabidhi mwenyewe mafaili hayo popote alipo duniani. Ili kuifanya kazi hiyo, ilibidi kisanduku kiwe na mlango unaoangalia nje. Historia ya mlango huo ni ndefu kuliko umri wa kisanduku chenyewe, na imepitia katika ofisi za posta, kwa mwanafunzi mmoja wa Australia na katika mahakama za Berlin.

Waya uliokuwa mali ya Posta

Hadi kukaribia mwisho wa miaka ya 1980, huduma ya simu katika Ujerumani Magharibi ilikuwa mikononi mwa shirika la serikali, Deutsche Bundespost. Si waya peke yake. Hata chombo kilichokaa juu ya meza ya mteja kilikuwa cha Posta, na mteja alikikodi. Kuunganisha kwenye waya huo modemu isiyoidhinishwa lilikuwa kosa lililoweza kumfikisha mtu mahakamani.

Vijana wapenda kompyuta hawakuridhika na hali hiyo. Klabu yao, Chaos Computer Club, iliyoanzishwa Berlin Magharibi mwaka 1981, ilichapisha maelekezo ya kujitengenezea chombo kilichowasiliana kwa sauti bila kuugusa waya wa Posta. Mkono wa simu uliingizwa katika mipira miwili ya mabomba ya chooni, na kompyuta ikaongea na kompyuta nyingine kwa milio. Kwa mzaha wakakiita chombo hicho choo cha data.

Posta hiyo hiyo ilikuwa na huduma ya kurasa za habari iliyoitwa Bildschirmtext, ambayo mteja aliisoma kupitia waya wa simu, na baadhi ya kurasa zilitozwa ada. Novemba 1984, wanachama wawili wa klabu hiyo, Wau Holland na Steffen Wernéry, walitumia neno la siri la benki ya akiba ya mjini Hamburg kuufungua tena na tena ukurasa wa klabu yao, uliotozwa karibu mark 10 kwa kila mara. Usiku mmoja ulipokwisha, benki ilikuwa inadaiwa takriban mark 135,000. Wawili hao walikitangaza kitendo chao hadharani na fedha zikarejeshwa, kwani walichotaka ni kuonyesha kwamba mfumo uliosifiwa kuwa salama haukuwa salama. Aliyekumbuka kisa hicho hakushangazwa sana na bili za mwaka 2014. Ujanja ulikuwa wa ukoo mmoja: mashine inaamini kwamba anayeiamuru ni mwenyewe, na gharama inapanda huku mwenyewe amelala.

Ukiritimba wa Posta juu ya vyombo vya simu ulikoma Julai 1990, na kuanzia Januari 1998 soko lote la simu likafunguliwa kwa makampuni binafsi. Mteja sasa aliweza kununua chombo anachokitaka na kukichomeka mwenyewe. Bila hatua hiyo, kisanduku cha aina ya FRITZ!Box kisingekuwa na pa kuchomekwa.

Kusikiliza mazungumzo ya mashine

Wakati Wajerumani wakizozana na Posta yao, wataalamu wa kompyuta nchini Marekani walikuwa na swali jingine: kompyuta mbili zilizomo katika jengo moja zitalitumiaje faili moja? Njia iliyozoeleka ilikuwa kulinakili faili kwenye disketi na kutembea nalo hadi chumba cha pili. Kazi ikifanywa na watu watatu, baada ya siku mbili kulikuwa na nakala tatu zinazopingana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Barry Feigenbaum wa kampuni ya IBM alibuni utaratibu uliokuja kujulikana kwa herufi SMB. Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya California ikatengeneza wa kwake, NFS, na ikauchapisha ili makampuni mengine yautumie. Taratibu za namna hii huitwa itifaki, neno ambalo Waswahili walilizoea kwanza katika mambo ya ubalozi, na hapa pia linafaa: ni makubaliano ya nani aseme nini, lini, na ajibiwe vipi. Mashine yenye faili huitwa seva. Mashine inayolihitaji hutuma ombi kupitia waya: fungua faili hili, nisomee baiti kadhaa kuanzia hapa, andika hizi, funga. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta hayaoni mazungumzo hayo. Anaona folda tu, kana kwamba imo ndani ya mashine yake.

Itifaki hizo mbili zilitofautiana kwa tabia. SMB, ambayo baadaye Microsoft iliichukua na kuipanua, iliuliza jina la mtumiaji na neno la siri. NFS ya zamani haikuuliza neno la siri hata kidogo. Ilitazama anwani ya kompyuta iliyoomba, kisha ikaamini namba ya mtumiaji ambayo kompyuta hiyo ilijitajia. Katika chumba kimoja cha chuo kikuu, ambako kila mashine ilijulikana na fundi wake, imani hiyo haikuwa na madhara makubwa. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja itifaki hiyo itapelekwa katika nyumba za watu na kuunganishwa na dunia nzima.

Tofauti nyingine ilikuwa ya siri. Maelezo ya NFS yaliweza kusomwa na yeyote, lakini sehemu kubwa ya namna SMB ilivyotumika kwenye Windows haikuandikwa popote nje ya Microsoft. Ndipo alipotokea Andrew Tridgell, mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra. Mwishoni mwa mwaka 1991 alitaka kompyuta yake ya mezani iyaone mafaili yaliyokuwa katika mashine kubwa ya Unix. Hakuwa na maelezo ya itifaki. Akaandika programu ya kunasa ujumbe uliopita kwenye waya, akausoma kipande kwa kipande, akakisia maana yake, akajaribu kujibu. Januari 1992 akawapa wengine toleo la kwanza.

Njia yake Tridgell aliieleza baadaye kwa mfano wa mtu aliyeingia katika mkahawa wa Ufaransa bila kujua Kifaransa. Anakaa kimya, anasikiliza mteja wa meza ya jirani anasema nini, kisha anatazama mhudumu analeta nini. Akirudi kila siku, mwishowe ataweza kuagiza chakula. Ni njia ya subira kubwa, na haikuhitaji kuiba chochote cha mtu.

Programu hiyo ililala kwa muda wa karibu miaka miwili, hadi Tridgell alipotaka kuiunganisha kompyuta ya Windows ya mkewe na yake ya Linux. Jina la kwanza ilibidi liachwe kwa kuwa kampuni nyingine ilikuwa na haki nalo. Akaiamuru kompyuta itafute katika kamusi maneno yenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo, na mojawapo likawa samba. Hivyo ngoma ya Brazil ikaipa jina programu ya Australia inayosema lugha ya kompyuta za Marekani.

Samba ilitolewa kwa leseni iitwayo GPL. Leseni hiyo inamruhusu kila mtu kuitumia programu, kuisoma maandishi yake ya asili na kuibadilisha. Sharti lake ni kwamba anayeigawa kwa wengine naye awape maandishi hayo pamoja na haki hizo hizo. Linux nayo iko chini ya leseni hiyo. Sharti hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa katika habari ya kisanduku.

Kisanduku chekundu

Kampuni iliyokitengeneza ilianzishwa Berlin mwaka 1986 na kwa karibu miaka 40 ilijulikana kwa jina la AVM. Ilijipatia sifa katika miaka ya 1990 kwa kadi za kuunganisha kompyuta na simu za kidijitali. Mwaka 2004, katika maonyesho ya CeBIT mjini Hannover, ikaonyesha kisanduku cha kwanza cha FRITZ!Box. Fritz ni jina la kawaida la mwanamume wa Kijerumani, kama mtu angesema sanduku la Juma. Rangi zake zilikuwa nyekundu na ya fedha.

Ubunifu wenyewe ulikuwa katika kuunganisha kazi mbili zilizokuwa na vyombo viwili. Waya wa intaneti uliingia upande mmoja, na simu ya mezani ya kawaida ikachomekwa upande wa pili. Mtu alipoinua mkono wa simu na kuzungumza, kisanduku kiliikata sauti yake katika pakiti ndogo ndogo na kuzituma kwenye intaneti, kisha kikazigeuza pakiti za majibu kuwa sauti. Mzee asiyejua kompyuta aliendelea kupiga simu kama zamani. Kwa wageni wanaoishi Ujerumani, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili, mabadiliko hayo yalikuwa na maana ya pekee. Kabla yake, kumpigia mama aliyeko Bukoba au Mombasa kulimaanisha kununua kadi ya simu au kupanga foleni katika duka la kupigia simu karibu na stesheni ya treni.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na kompyuta inayoendeshwa na Linux. Haikuwa na nguvu nyingi. Toleo maarufu la 7170, lililotoka mwaka 2005, lilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 32 na hifadhi ya kudumu ya megabaiti 8 tu, kiasi ambacho nyimbo mbili au tatu zingekijaza. Lakini lilikuwa na tundu la USB. Mteja akichomeka flashi au diski humo, mafaili yake yaliweza kuchukuliwa na kila kompyuta ya nyumbani. Matoleo yaliyofuata yakaongeza SMB, na folda ya kisanduku ikaanza kuonekana kwenye Windows kama folda nyingine yoyote. Mashine ya kupokea ujumbe wa simu nayo ikaweza kuweka rekodi zake katika flashi ile ile.

Kulikuwa pia na njia isiyoelezwa katika kijitabu cha mteja. Mtu alichukua simu iliyochomekwa kwenye kisanduku, akabonyeza #96*7*, na kompyuta iliyomo ndani ikafungua mlango wa kupokea amri za maandishi. Akibonyeza #96*8*, mlango ukafungwa. Huenda hakuna mfano mzuri zaidi wa chombo hicho kilivyokuwa na nafsi mbili: kompyuta iliyofunguliwa kwa kupiga namba ya simu.

Wapenzi wa kompyuta waliingia kwa wingi, na humo walikutana na tatizo la nafasi. Waliotaka kisanduku kifanye kazi zaidi, kwa mfano kuendesha Asterisk, programu huria ya kituo cha simu, hawakuwa na mahali pa kuiweka. Wakakumbuka ile fikra ya miaka ya 1980. Ikiwa kisanduku hakina diski, kipewe diski ya kompyuta nyingine kupitia mtandao. Waliipachika kwa NFS au SMB folda ya kompyuta kubwa katika mti wa mafaili ya kisanduku, na kutoka hapo kisanduku kikaiona kana kwamba ni yake.

Haikuwa kazi nyepesi. Kiini cha Linux kilichotoka kiwandani mara nyingi hakikuwa na kipande kinachoijua NFS, kwa hiyo ilibidi kipande hicho kitengenezwe kwa ajili ya aina hiyo hiyo ya kichakato na toleo hilo hilo la kiini; likikosewa toleo, kisanduku kilikikataa. Mafaili ya mfumo yalikuwa ya kusomwa tu, na lolote lililowekwa juu yake lilifutika umeme ulipokatika. Dawa ilikuwa faili moja dogo lililosalia katika hifadhi ya kudumu na kusomwa kila kisanduku kilipowaka. Humo waliandika mistari michache: subiri hadi mtandao uwe tayari, pakia kipande cha NFS, pachika folda, anzisha programu. Aliyesahau neno subiri aliishia kupachika hewa. Na NFS ina ukaidi wake. Seva ikizimwa, programu inayolisoma faili hungoja, na itangoja hadi seva irudi. Mtu aliyezima kompyuta yake usiku aliweza kuamka asubuhi na kukuta programu yake ya simu imeduwaa.

Kisanduku ni cha nani?

Yote hayo yaliwezekana kwa sababu sehemu kubwa ya programu iliyomo ilikuwa chini ya leseni ya GPL. Lakini je, haki iliyoandikwa kwenye leseni inamfikia kweli mtu aliyenunua kisanduku dukani? Swali hilo lilifika mahakamani.

Kampuni ya Cybits ilikuwa ikiuza programu ya kuwakinga watoto na kurasa zisizofaa. Programu hiyo iliipakua programu endeshi ya FRITZ!Box, ikaibadilisha, kisha ikairudisha katika kisanduku cha mteja. AVM ilishtaki. Hoja yake ilikuwa kwamba hata kama baadhi ya vipande ni vya Linux, mkusanyiko mzima ni kazi yake, na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuugusa. Harald Welte, mwandishi mmojawapo wa sehemu ya Linux inayochuja pakiti za mtandao, aliingia katika kesi hiyo, kwa kuwa kazi yake mwenyewe ilikuwamo ndani ya kisanduku. Novemba 2011 Mahakama ya Mkoa ya Berlin ilikataa dai la AVM la kuzuia sehemu za GPL zisibadilishwe. Haikuipa Cybits ushindi mtupu, kwani ilikatazwa kuuza programu inayokifanya kisanduku kitoe taarifa zisizo sahihi kuhusu hali yake. Uamuzi huo una busara ya kawaida: mwenye nyumba ana haki ya kulifungua sanduku, lakini anayelifungua asilifanye liseme uongo kwa jina la aliyelitengeneza.

Lugha ya SMB nayo ilipiganiwa, katika baraza kubwa zaidi. Mwaka 2004 Halmashauri ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497, na mojawapo ya lawama ilikuwa kuwanyima washindani maelezo ya namna Windows inavyozungumza na seva. Mahakama ya Ulaya iliuthibitisha uamuzi huo Septemba 2007. Desemba mwaka huo, waandishi wa Samba walipata nyaraka hizo kwa mkataba, baada ya kulipa euro 10,000. Miaka 15 na zaidi ilikuwa imepita tangu Tridgell aanze kusikiliza mkahawani.

Mvutano juu ya kisanduku chenyewe haukuishia hapo. Makampuni mengine ya simu yaliendelea kumlazimisha mteja atumie ruta waliyompa, na hata kumnyima maneno ya siri ya laini yake mwenyewe. Tarehe mosi Agosti 2016 sheria ilianza kutumika Ujerumani inayompa mteja uhuru wa kuchagua chombo. Mzozo ulioanza na choo cha data ukawa umerejea kwa sura mpya.

Mlango unaoangalia nje

Kushirikisha mafaili ndani ya nyumba ni jambo moja. Kuyafikia kutoka mbali ni jambo jingine. Makampuni mengi ya intaneti hubadilisha anwani ya nyumba mara kwa mara, hivyo mtu aliyesafiri hajui kisanduku chake kinaitwaje leo. AVM ililitatua hilo kwa huduma iliyoitwa MyFRITZ!, ambapo kisanduku hutoa taarifa ya anwani yake mpya na mwenyewe hukitafuta kwa jina lisilobadilika. Baada ya hapo alihitaji kivinjari cha kawaida tu, jina na neno la siri, na mafaili yakaonekana.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, hilo lilianza kuwa na maana halisi baada ya Julai 2009, pale waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Kenya na Tanzania. Kabla ya hapo mawasiliano mengi ya intaneti na nje yalipita kwenye satelaiti, na kuivuta picha moja kubwa kutoka Ujerumani kulihitaji moyo wa subira.

Lakini ukurasa ule ule wa kivinjari uliotoa picha ndio uliokuwa na usukani wa kisanduku kizima, pamoja na simu. Humo namba ziliwekwa, na humo iliwezekana kuongeza simu mpya, hata ile isiyo na waya wala umbo, iliyo programu tu katika kompyuta ya mtu aliyeko ng'ambo. Aliyeukamata ukurasa alikamata na simu.

Ndivyo ilivyotokea. Februari 2014, baada ya malalamiko ya bili, AVM iliwashauri wateja wakizime kipengele cha kuingia kisandukuni kutoka nje. Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba wahalifu walikuwa na maneno ya siri yaliyoibwa kwingineko. Uchunguzi ulionyesha jambo baya zaidi: programu yenyewe ilikuwa na ufa. Ikabainika pia kwamba hata kisanduku ambacho mlango wake wa nje ulikuwa umefungwa kiliweza kudhurika, endapo mtu wa ndani alifungua kwa kompyuta yake ukurasa uliotegwa. Kampuni ilitoa marekebisho ndani ya siku chache kwa matoleo mengi, yakiwamo ya zamani, jambo ambalo watengenezaji wengi wa vyombo vya bei nafuu hawalifanyi. Lakini marekebisho hayamsaidii asiyeyapakia, na watu wengi hawakuwahi kukifikiria kisanduku cha ukutani kuwa kompyuta inayohitaji kutunzwa.

Novemba 2016 ilionyesha ukubwa wa hatari. Shambulio lililolenga ruta kupitia mlango unaotumiwa na makampuni ya simu kuzihudumia kutoka mbali liliwakatia huduma wateja takriban 900,000 wa Deutsche Telekom. Ruta hizo zilikuwa za aina nyingine, si FRITZ!Box. Kwa kuwa simu na televisheni za wateja wengi zilikuwa tayari zimehamia kwenye intaneti, vyote vilinyamaza kwa pamoja.

Lugha iliyozeeka

Mwezi Mei 2017, programu haribifu ya WannaCry ilienea duniani na kuvuruga kazi za hospitali nyingi za Uingereza. Ilipita katika ufa wa SMB ya toleo la kwanza kwenye Windows. Miezi michache baadaye Microsoft iliacha kuliweka toleo hilo katika matoleo mapya ya Windows 10.

Hapo wenye FRITZ!Box walipatwa na jambo lisilotarajiwa. Kisanduku chao kilikuwa bado kinasema SMB ya toleo la kwanza pekee. Aliyenunua kompyuta mpya aliikuta folda ya picha haifunguki, ingawa diski ilikuwa nzima na neno la siri lilikuwa sahihi. Ushauri uliozunguka ulikuwa kurudisha kwenye Windows lugha ile ya zamani, yaani kuufungua tena ufa ili kuziona picha za harusi. Wengi waliufuata. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 2020, pale toleo la 7.20 la programu ya kisanduku lilipoleta SMB mpya, yenye uwezo wa kuficha yaliyomo njiani.

Kuhusu kuyafikia mafaili kutoka mbali, mafundi waliishia kwenye kanuni ambayo wale wa NFS hawakuihitaji katika chumba chao cha chuo. SMB na NFS zisiachwe kamwe zikiangalia intaneti moja kwa moja. Msafiri kwanza hujenga njia ya faragha iliyofumbwa kati ya kompyuta yake na nyumba, kisha hufungua folda kana kwamba ameketi sebuleni. FRITZ!Box ilikuwa na njia ya namna hiyo tangu zamani, ila ilikuwa ngumu kuiandaa. Mwishoni mwa mwaka 2022, toleo la 7.50 likaleta WireGuard, ambayo huandaliwa kwa kuelekeza kamera ya simu ya mkononi kwenye picha ya mraba iliyo kwenye kioo cha kompyuta.

Mlango wa amri za maandishi ulikuwa umekwisha kuondolewa, katika matoleo yaliyotoka kuanzia mwaka 2015. Kisanduku kipya bado kina tundu la kuchomeka simu ya zamani ya mezani, lakini mtu akiinua mkono wake na kubonyeza #96*7*, hakuna kinachofunguka.